Maumivu Yasiyoisha: Kijitabu kwa Wanawake na Familia Zao

Mwaka 2001 Millen Magese alivikwa taji la Miss Tanzania, na baadaye akawa mwanamitindo mjini New York. Waliomwona kwenye majukwaa ya mavazi hawakujua kwamba tangu akiwa na miaka 13 hedhi ilikuwa ikimlaza kitandani. Jina la ugonjwa wake, endometriosisi, alikuja kulisikia akiwa mtu mzima, na amefanyiwa upasuaji zaidi ya mara 10. Alipousimulia hadharani, shida ambayo nyumba nyingi huiita chango na kuinyamazia ilianza kuzungumzwa kama ugonjwa wenye vipimo na tiba.

Nchini Kenya, mtangazaji Njambi Koikai, mpenzi wa reggae aliyejulikana kama Fyah Mummah Jahmby, alipita njia ngumu zaidi. Endometriosisi yake ilifika kifuani, mapafu yakawa yanasinyaa mara kwa mara. Mwaka 2018 Wakenya walimchangia fedha za matibabu huko Atlanta, Marekani. Aliendelea kuwaelimisha wasichana kuhusu ugonjwa huo hadi alipofariki tarehe 3 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka 38.

Wanawake wengi wenye maumivu ya hedhi hawafikii hali hiyo. Lakini wote wawili walianza wakiwa wasichana wadogo, kwa maumivu ambayo ni rahisi kuambiwa ni ya kawaida.

Maumivu huitwa sugu lini?

Yakidumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Kidole kikikatwa na kisu, maumivu yana kazi yake: yanaonya, na jeraha likipona nayo yanaondoka. Maumivu sugu hayaondoki hivyo. Pengine kuna ugonjwa unaoendelea kuyachochea. Pengine chanzo cha kwanza kimeshapona, ila neva, uti wa mgongo na ubongo vimebaki na wepesi wa kuamsha maumivu, kama mbwa wa ulinzi ambaye tangu mwizi aingie siku moja hubwekea hata jani likianguka. Ndiyo maana picha ya eksirei inaweza kutoka safi na mgonjwa bado akawa anaumwa kweli.

Tangu Januari 2022, orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO) inayapa maumivu sugu nafasi yake yenyewe.

Kwa nini wanawake zaidi?

Kipandauso huwapata wanawake mara 2 hadi 3 zaidi kuliko wanaume. Baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kushambulia viungo, ile inayokakamaza vidole asubuhi, nayo iko karibu na kiwango hicho. Katika kila wagonjwa 10 wa lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga ya mwili, takriban 9 ni wanawake. Kwa endometriosisi, WHO inakadiria wanawake na wasichana milioni 190 duniani, karibu asilimia 10 ya walio katika umri wa kuzaa.

Katika endometriosisi, tishu zinazofanana na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake: kwenye ovari, kwenye utumbo, kwenye kibofu. Huko huleta uvimbe na makovu. Mwanamke huumia wakati wa hedhi, wakati wa tendo la ndoa, au anapokwenda haja. Wingi wa vidonda haulingani na ukali wa maumivu: mwenye vichache anaweza kugaagaa, mwenye vingi asijue anavyo mpaka atafute mtoto.

Homoni na kinga ya mwili zina sehemu yake. Kazi nayo ina sehemu yake. WHO na UNICEF ziliripoti mwaka 2023 kwamba katika kaya 7 kati ya 10 zisizo na maji nyumbani, wachotaji ni wanawake na wasichana. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya shingo, na baada ya ndoo kuna jembe, kuni, beseni la kufulia na mtoto mgongoni.

Miaka inakopotelea

Kati ya dalili za kwanza na siku ya kujua kuwa ni endometriosisi, kwa kawaida hupita miaka 4 hadi 12. Sehemu ya miaka hiyo hupotelea nyumbani. Mama, shangazi au kungwi anayemfunda binti huenda naye aliumia hivyo hivyo, akaona ndivyo ilivyo. Binti anaambiwa ukizaa yataisha. Ukweli ni kwamba mimba inaweza kutuliza dalili kwa baadhi ya wanawake kwa muda, haiponyeshi.

Sehemu nyingine hupotelea zahanati. Maumivu ya chini ya kitovu yanaweza kutibiwa kama maambukizi ya njia ya mkojo, dozi ya antibiotiki baada ya dozi, hata pale ambapo kipimo hakikuonyesha vijidudu.

Utafiti wenyewe ulichelewa. Mwaka 1977 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilielekeza kwamba wanawake wenye uwezo wa kushika mimba wasiingizwe katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Sheria ya kuwataka watafiti wanaofadhiliwa na taasisi za afya za nchi hiyo kuwahusisha wanawake ilipitishwa mwaka 1993.

Daftari kabla ya daktari

Mwanamke anayesema "tumbo linauma" humwachia daktari kazi ya kubahatisha. Anayesema "linaanza siku 2 kabla ya hedhi, linashuka mapajani, kila mwezi nakosa kazi siku 3, na parasetamoli haisaidii" ameshamwelekeza.

Daftari la shule linatosha. Kwa miezi 2 au 3 huandikwa tarehe ya maumivu na tarehe ya hedhi, mahali panapouma, ukali kuanzia 0 hadi 10, dawa iliyomezwa, na shughuli iliyoshindikana. Aibu ikizuia kusema mdomoni kuhusu tendo la ndoa au haja kubwa, ukurasa husomeka bila maneno.

Tiba ipo, hata pale uponyaji haupo

Endometriosisi haina dawa ya kuimaliza kabisa. Inatulizwa kwa dawa za maumivu, kwa homoni zikiwemo baadhi ya dawa za uzazi wa mpango, na kwa baadhi ya wagonjwa upasuaji wa matundu madogo. Anayetaka kupata mtoto aseme mapema, kwa kuwa jibu lake hubadilisha mpango wa tiba. Altrasaundi safi haitoshi kuufuta ugonjwa huu kwenye orodha.

Kwa mgongo, shingo na viungo, mazoezi ya mtaalamu wa fiziotherapia husaidia kuliko kulala siku nzima. Usingizi na msongo wa mawazo hutibiwa pamoja na maumivu kwa sababu hulishana. Kumpeleka mgonjwa kwa mshauri nasaha si kumwambia anajifanya.

Vidonge vya duka la dawa vinahitaji tahadhari. Diklofenaki na ibuprofeni zikimezwa kwa muda mrefu bila uangalizi huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Kwa mwenye kipandauso, hata dawa nyepesi za kutuliza maumivu zikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi huweza zenyewe kuleta maumivu ya kichwa.

Mume anayechota maji siku mbaya, mwalimu anayemruhusu msichana kukaa au kutoka nje, mwajiri anayebadilisha zamu: hao nao wamo katika tiba.

Dalili zisizosubiri miadi

Mwanamke apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, mchana au usiku, akiwa na mojawapo ya haya:

- maumivu makali ya chini ya tumbo huku hedhi imechelewa, hasa akizimia au kutokwa damu; mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi;
- maumivu ya kichwa ya ghafla asiyowahi kuyapata, au yenye shingo kukakamaa, ulimi kuwa mzito au upande mmoja kulegea;
- maumivu ya mgongo pamoja na miguu kuishiwa nguvu, ganzi kati ya mapaja, au kushindwa kuzuia mkojo au choo;
- maumivu ya kifua au kuishiwa pumzi, hata yakija wakati wa hedhi.

Damu baada ya tendo la ndoa au baada ya hedhi kukoma, na kukonda bila sababu, zichunguzwe ndani ya wiki hiyo, pamoja na kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi.