SOMO LA WIKI: Ofisi ya pamoja kwa mfanyabiashara mgeni Dar es Salaam

Mfanyabiashara anayehamia Dar es Salaam kutoka Mwanza, Mbeya au Arusha hukutana na gharama moja kubwa kabla hajauza hata katoni moja, nayo ni mahali pa kufanyia kazi. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo.

Tuchukue mfano wa mtu mwenye mtaji wa Sh. 10,000,000. Akipanga chumba cha Sh. 400,000 kwa mwezi na kulipa miezi sita, Sh. 2,400,000 zimekwenda. Hiyo ni asilimia 24 ya mtaji wake, na bado hajanunua meza, viti wala kuvuta intaneti. Fedha iliyolala kwenye pango hainunui mzigo.

Ofisi za pamoja hupunguza mzigo huo. Mpangaji hulipia meza kwa siku au kwa mwezi, na hutumia pamoja na wenzake intaneti, mapokezi na chumba cha mikutano. Hata hivyo, unafuu huo hauji wenyewe. Yapo mambo manne ya kupima kabla ya kutoa fedha.

1. Hesabu ya siku

Usiangalie bei ya mwezi peke yake. Tuseme meza ni Sh. 250,000 kwa mwezi, na kwa siku ni Sh. 15,000. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, utapata 16.7. Maana yake, malipo ya mwezi yana faida kwa anayefika ofisini siku 17 au zaidi. Anayeshinda sokoni na kufika ofisini siku 10 tu angelipa Sh. 150,000 kwa kulipia kila siku, akaokoa Sh. 100,000.

Uliza pia kama bei imejumuisha VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Bei ya Sh. 250,000 bila VAT hufika Sh. 295,000. Ambaye hakusajiliwa kwa VAT hana pa kudai nyongeza hiyo. Inabaki kuwa gharama yake.

2. Mahali walipo wateja

Ofisi nzuri ya Masaki haimfai mtu ambaye wateja wake wako Kariakoo. Nauli ni ndogo. Hasara kubwa ni saa zinazopotea kwenye foleni. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, hupita Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kivukoni, na yana kituo cha Gerezani kwa wanaokwenda Kariakoo. Anayeishi upande huo atazame kwanza ofisi zilizo karibu na njia hiyo. Fanya safari ya majaribio saa mbili asubuhi siku ya Jumatatu, si Jumapili.

3. Anwani na leseni

Leseni ya biashara huhusu mahali pa biashara panapojulikana. Kwa hiyo uliza mapema: je, ofisi itakupa mkataba wa maandishi unaokubalika kwa maombi ya leseni na kwa TRA? Nyingine huuza meza tu. Ukihama kila baada ya miezi miwili, utahangaika kubadilisha anwani kwenye kumbukumbu zako zote, na barua za wateja zitakupotea.

4. Uwezo wa mwenye ofisi

Mara nyingi anayekukodisha meza si mwenye jengo. Naye ni mpangaji. Kampuni ya WeWork ya Marekani ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 47 mapema mwaka 2019. Ilipanga majengo kwa mikataba ya miaka mingi na kuuza nafasi kwa miezi michache. Wateja walipopungua, kodi ya majengo haikupungua. Novemba 2023 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Somo hilo linamhusu hata mwenye meza moja. Uliza mkataba wa jengo unaisha lini. Usilipe mwaka mzima kwa sababu ya punguzo. Amana yako iandikwe kwenye mkataba, pamoja na siku itakayorudishwa. Uliza pia umeme ukikatika nani huwasha jenereta, na mafuta yake analipa nani.

Kwa ufupi, anza kwa kulipia siku kwa wiki mbili, ukiandika kila siku uliyofika na kila mteja uliyempata. Daftari hilo litakuonyesha kama ulipe kwa mwezi, utafute chumba chako, au urudishe fedha kwenye mzigo.