Mtungi Wenye Shairi

Siku hizi yako majarida ya fasihi yanayochapa mashairi pamoja na picha za vyungu. Lakini je, umewahi kuona shairi juu ya mtungi wenyewe?

Huko South Carolina, Marekani, alikuwako mfinyanzi mtumwa, jina lake Dave. Alizaliwa karibu na mwaka 1801. Alifinyanga mitungi ya kuwekea nyama ya chumvi. Mmoja, wa mwaka 1859, huingia lita 150 hivi!

Mwaka 1834 jimbo lile lilitunga sheria: marufuku kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika. Dave hakuacha kuandika. Udongo ukiwa bado mbichi, alichora begani mwa mtungi mistari miwili yenye vina, akatia tarehe na jina lake. Kisha mtungi ulichomwa. Maandishi ya penseli hufutika. Hayo ya motoni, thubutu!

Watumwa waliuzwa huku na huku, mama mbali na mwana. Mwaka 1857 Dave aliuliza juu ya mtungi: jamaa zangu wote wako wapi?

Kazi: Andika mistari miwili yako kwenye chungu kibichi. Usisahau jina.