Leo Tutapika Nini? Somo la Kupanga Chakula cha Wiki Nzima

Saa mbili usiku, katika nyumba nyingi za Changamwe, Likoni na Kisauni, hali huwa moja. Mama amerudi kutoka zamu ya kazini, baba bado yuko njiani, na maharagwe yaliyoinjikwa saa moja bado ni magumu. Mtoto mdogo ameuliza mara tatu, "Mama, chakula bado?" Kinapoiva saa tatu na nusu, tayari amelala. Akiamshwa hula vijiko viwili huku akisinzia. Asubuhi anaamka na njaa, anakunywa chai ya rangi kwa kipande cha mkate, kisha anaondoka kwenda shule.

Usiku mwingine, ili kuepuka hayo, mtoto mkubwa hutumwa chipsi au viazi karai barabarani. Kwa siku moja si neno. Lakini ikiwa ni siku tatu kila wiki, pesa ambazo zingenunua ndengu, mayai na mboga za siku kadhaa huishia kwenye mlo wa usiku mmoja, na watoto hushiba wanga na mafuta matupu.

Mara nyingi chanzo chake si uvivu wala ukosefu wa chakula. Ni kwamba swali la "leo tutapika nini?" huulizwa jioni, wakati kila mtu amechoka, genge limebakiwa na mboga zilizonyauka, na chakula kinachochelewa kuiva ndiyo kwanza kinatiwa jikoni. Somo hili linaeleza jinsi familia yenye shughuli nyingi inavyoweza kulijibu swali hilo mara moja kwa wiki, siku ya mapumziko, na kuimaliza kazi ndefu ya jikoni siku hiyo hiyo.

KANUNI YA KWANZA: KINACHOCHELEWA KIPIKWE MAPEMA

Vyakula vya nyumbani vinaweza kugawanywa mafungu mawili. Kuna vya moto mrefu: maharagwe, mbaazi kavu, mahindi ya pure, nyama ngumu na matumbo. Halafu kuna vya moto mfupi: ugali, wali, mchicha, sukuma wiki, mayai, omena, samaki mbichi na viazi. Jioni ya siku ya kazi haina nafasi ya fungu la kwanza. Vyakula hivyo vipikwe siku ya mapumziko, na jioni ibaki na kazi ya nusu saa au dakika arobaini tu.

Maharagwe ndiyo mfano mzuri. Familia ya watu sita, watatu wakiwa watoto, inaweza kuchemsha kilo 1 na nusu kwa wiki. Yakiiva huwa zaidi ya kilo 3, na hiyo inatosha milo mitatu. Yachaguliwe na kulowekwa Jumamosi usiku. Jumapili maji ya kulowekea yamwagwe, yatiwe maji mapya, kisha yachemke kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi kabla ya moto kupunguzwa. Hatua hiyo si ya kurukwa. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha, na moto mdogo peke yake hauiondoi.

Siri iko katika kuyachemsha bila viungo. Yasitiwe nyanya, kitunguu wala nazi. Yakishaiva yagawanywe mafungu matatu katika vyombo safi vyenye vifuniko. Fungu moja litaungwa kwa tui la nazi, jingine litaingia kwenye viazi, na la tatu litaungwa kwa nyanya na dania. Kuni, makaa au gesi imetumika mara moja, lakini familia haitaona kwamba inakula chakula kile kile.

KANUNI YA PILI: SAHANI IWE NA MAKUNDI MATATU

Mpango mzuri hauangalii tumbo kujaa peke yake. Kila mlo wa jioni uwe na chakula cha kutia nguvu, kama ugali, wali, viazi au ndizi za kupika. Chakula cha kujenga mwili, kama maharagwe, ndengu, mayai, omena, samaki au nyama. Na chakula cha kulinda mwili, yaani mboga za majani na matunda. Panapokosekana nyama, hapajakosekana chakula cha kujenga mwili. Omena zinazoliwa nzima pamoja na mifupa yake huupa mwili protini na madini ya kalsiamu.

Kuna mambo madogo yanayoongeza faida bila kuongeza gharama. Maharagwe na mboga za majani yana madini ya chuma yanayohitajika kutengeneza damu, lakini mwili huyapokea vizuri zaidi yakiandamana na vitamini C. Kipande cha limau, chungwa, embe au kachumbari pembeni mwa sahani kinatosha. Chai nayo hufanya kinyume chake: ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Kwa wajawazito na watoto ni bora chai isubiri saa moja au mbili baada ya mlo. Mboga zioshwe kabla ya kukatwa, wala si baada, kwa sababu zikioshwa zikiwa zimekatwa baadhi ya vitamini huenda na maji. Zipikwe kwa muda mfupi na mafuta kidogo, kwani mafuta husaidia mwili kupokea vitamini A.

MFANO WA WIKI MOJA

Mpango ufuatao ni wa nyumba yenye baba, mama, nyanya na watoto watatu, ambao wana jiko la gesi na friji ndogo. Kila familia inaweza kuubadilisha kulingana na kipato chake na kinachopatikana sokoni.

Jumapili: Wali wa nazi, samaki wa kupaka au wa kukaanga, mchicha. Siku hii maharagwe ya wiki huchemshwa.

Jumatatu: Ugali, maharagwe ya nazi (fungu la kwanza), sukuma wiki.

Jumanne: Ugali, omena kwa nyanya na kitunguu, majani ya kunde.

Jumatano: Viazi au ndizi za kupika zilizochanganywa na maharagwe (fungu la pili) katika sufuria moja, kachumbari.

Alhamisi: Wali, ndengu (pojo), mchicha. Ndengu hazihitaji kulowekwa na huiva kwa dakika 30 hadi 45.

Ijumaa: Ugali, mayai ya kukaangwa na nyanya na pilipili hoho, mnavu au sukuma wiki.

Jumamosi: Chapati za maji, maharagwe ya nyanya na dania (fungu la tatu), kabichi.

Fungu la kwanza na la pili hukaa ndani ya friji. Fungu la tatu, ambalo litaliwa siku ya sita, liwekwe sehemu ya kugandisha tangu Jumapili, mara tu linapopoa. Ijumaa usiku lihamishiwe chini kwenye ubaridi wa kawaida liyeyuke taratibu.

KWENDA SOKONI NA ORODHA

Mpango ukishaandikwa, orodha ya ununuzi hujiandika yenyewe. Vitu vikavu kama unga, mchele, maharagwe, ndengu na omena vinunuliwe mara moja kwa mwezi au kila baada ya wiki mbili. Vikaguliwe kabla ya kulipiwa. Nafaka yenye ukungu, unyevu au harufu ya kuvunda isinunuliwe hata ikiwa rahisi, kwa sababu ukungu unaweza kuwa na sumu ya aflatoksini, ambayo haiishi kwa kupikwa. Mboga za majani zinunuliwe mara mbili kwa wiki, kwa mfano Jumapili na Alhamisi, kwani kwa joto la pwani hazingojei. Nyanya na vitunguu hushuka bei vikinunuliwa kwa wingi katika soko kubwa kama Kongowea. Majirani wawili au watatu wanaweza kuchanga pesa, wakanunua kreti moja na kugawana.

Majira nayo yasisahauliwe. Wakati wa kusi bahari huchafuka, wavuvi wengi hushindwa kwenda mbali na bei ya samaki hupanda. Huo ndio wakati wa omena, mayai na ndengu. Kaskazi ikirudi, samaki huongezeka na wanaweza kurudishwa kwenye mpango mara mbili kwa wiki. Mvua za masika huleta mchicha na kunde kwa wingi, na mwisho wa mwaka huleta maembe. Familia inayofuata majira hula vizuri kwa pesa kidogo.

NYUMBA ISIYO NA FRIJI

Kukosa friji hakuzuii kupanga. Kunachobadilika ni kwamba maharagwe ya siku nyingi hayachemshwi kwa pamoja. Siku za kazi zichukuliwe na ndengu, omena kavu, mayai na mboga mbichi, vitu ambavyo hukaa bila ubaridi au huiva upesi. Maharagwe yapikwe siku moja au mbili ambapo kuna mtu nyumbani mchana, na yaliwe yote siku hiyo.

Kikapu cha kuhifadhi joto husaidia sana. Ni kikapu cha kawaida kilichotandikwa vitambaa vizito au blanketi kuukuu pande zote. Maharagwe yaliyolowekwa huchemshwa kwa nguvu jikoni kwa angalau dakika 15, kisha sufuria ikiwa imefunikwa huwekwa ndani ya kikapu na kufunikwa gubigubi. Huendelea kuiva kwa joto lake bila moto. Yakiwekwa saa nane mchana, jioni hurudishwa jikoni yatokote tena, yaungwe na kuliwa. Yasiachwe ndani ya kikapu usiku kucha, kwani joto likipungua, vijidudu huanza kuongezeka.

AKIBA HAIOZI, LAKINI CHAKULA HUOZA

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya chakula kilichopikwa ndiyo inayovunja methali hiyo, hasa Mombasa penye joto na unyevu. Kwa hiyo anayepika kwa ajili ya kesho anapaswa kufuata masharti haya:

1. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kigawanywe katika vyombo vidogo ili kipoe haraka, kisha kiingie kwenye friji.

2. Kisikae kwenye friji zaidi ya siku 3. Cha kuliwa baada ya hapo kigandishwe.

3. Kiporo kipashwe moto mpaka kitokote au kitoe mvuke kote. Kipashwe mara moja tu, kwa kiasi kitakacholiwa.

4. Wali uangaliwe zaidi ya vyote. Uliokaa nje usiku kucha unaweza kuwa na sumu ya vijidudu isiyokufa hata ukipashwa moto. Wali wa namna hiyo umwagwe.

5. Umeme ukipotea kwa muda mrefu na chakula kikapoteza ubaridi, kisihifadhiwe kwa matumaini.

MTOTO MCHANGA NA MPANGO WA FAMILIA

Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji chochote ila maziwa ya mama. Baada ya hapo anaweza kula kutoka sufuria ya familia, mradi sehemu yake itolewe kabla ya pilipili na chumvi. Maharagwe yaliyopondwa vizuri na kiazi, au ndengu na mchicha uliosagwa, humfaa kuliko uji mwepesi wa unga mtupu. Hapo ndipo uchemshaji wa maharagwe bila viungo unapoleta faida ya pili: chakula cha mtoto tayari kimo ndani.

KAZI ISIWE YA MTU MMOJA

Mpango unaokaa kichwani mwa mama peke yake huanguka siku anapobadilishiwa zamu. Uandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani jikoni. Atakayefika kwanza, awe baba au kijana aliyetoka shule, ajue ni siku ya nini na aanze. Watoto, wavulana kwa wasichana, wanaweza kuchagua maharagwe, kuosha mboga na kumenya vitunguu. Baba anaweza kuchukua jukumu la vitu vikavu vya mwezi. Kazi ya moto na maji ya kuchemka ibaki kwa watu wazima na vijana wanaosimamiwa.

Familia isianze na siku saba mara moja. Wiki ya kwanza ipange jioni tatu tu, zile ambazo kila mtu huchelewa kurudi. Mwisho wa wiki wote wakae pamoja na kujiuliza:

– Ni jioni gani chakula kilikuwa tayari kabla ya mtoto mdogo kulala?
– Ni chakula gani kilibaki au kilimwagwa, na kwa nini?
– Ni mara ngapi tulinunua chakula cha nje, na pesa hizo zingenunua nini?
– Ni kundi gani la chakula lililokosekana sahanini?

Majibu hayo ndiyo yatakayotengeneza mpango wa wiki inayofuata. Haba na haba hujaza kibaba: jioni tatu zikizoeleka, nne zilizobaki hufuata.

Wenye maswali kuhusu lishe ya watoto, wajawazito au watu wenye kisukari na shinikizo la damu wanahimizwa kumwona mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wao au afisa wa lishe katika kituo cha afya kilicho karibu kabla ya kubadilisha mlo.