Nafasi tupu moja yaweza kupoteza kazi ya mwaka

Ndugu mtumishi, wewe unayetumika kwa ordinateri pale ofisini, kwenye depo ao kwenye dispanseri, na ninyi watoto mnaojifunza kazi hiyo masomoni, sikieni.

Kuna ordinateri ambazo mtu anaziamuru kwa kuandika maneno, si kwa kugusa picha. Kwa ordinateri za Linux, amri ya kufuta ni herufi mbili tu: rm. Amri hii haitupi faili ndani ya pipa la takataka, na kwa kawaida haiulizi kama ni kweli unataka. Unagonga kitufe, basi, imekwisha.

Angalia mfano. Unataka kufuta faili zinazoishia na .txt. Unaandika rm *.txt. Ni vizuri. Lakini kidole kikiteleza ukaandika rm * .txt, na nafasi tupu nyuma ya nyota, nyota ile peke yake maana yake ni «zote». Faili zote zinazoonekana mahali pale zinapotea: fishi za wagonjwa, hesabu ya mishahara, picha za mapafu. Na daktari atalinganisha namna gani mapafu yako ya leo na yale ya miaka 5 iliyopita?

Muuguzi anasoma jina la dawa mbele ya kuchoma sindano. Wewe vilevile. Kwanza andika pwd, ujue uko mahali gani. Kisha ls *.txt: utaona majina yatakayofutwa. Yasome! Ndipo uandike rm -i *.txt, itakuuliza kwa kila faili. Wengine wanapanga mashine iulize yenyewe siku zote. Mimi sipendi sana: mkono unazoea, na siku unapotumika kwa mashine nyingine isiyouliza, unaumia.

Kule Marekani, mwaka 1998, amri ya namna hii ilifuta sehemu kubwa ya filamu Toy Story 2 ya kampuni ya Pixar. Walikimbilia nakala za akiba, hazikuwa nzima. Aliyewaokoa ni mama mmoja wa kazi, Galyn Susman: alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo alitumika nyumbani, na nakala ilikuwa kwake. Basi, weka nakala mahali pengine, na mara kwa mara uifungue uone kama inasomeka.

Na ikiwa ajali imekwisha kufika? Usiandike kitu tena kwa mashine ile. Amri ya rm inaondoa jina. Mara nyingi maandishi yenyewe yanabaki kwanza kwenye diski, mpaka mengine yaandikwe juu yake. Iache, ita fundi, umwambie amri uliyoandika, neno kwa neno, hata kama bosi amesimama karibu.