Ruzuku ndogo kwa mtafiti wa Muyaka: maswali na majibu

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma maombi ya ruzuku ndogo za utafiti wa fasihi. Zangu pia nimeomba. Nyingine nilipata, nyingine nilikosa. Maswali yafuatayo huulizwa na wanafunzi wa uzamili na walimu wa sekondari wanaotaka kumtafiti mtunzi wa zamani. Hapa nayajibu kwa mfano wa Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki karibu mwaka 1840.

Mwalimu, ruzuku ndogo ni kiasi gani, nayo yafaa nini?

Mimi huita ndogo ile iliyo kati ya dola 500 na 3,000 hivi. Hailipi mshahara wala hainunui gari. Inalipa nauli ya kwenda Mombasa na kurudi, chumba cha kawaida kwa wiki mbili, picha za kurasa kutoka maktaba, na shukrani kwa mzee atakayekupa asubuhi zake tatu. Mwenzetu wa maabara ataona fedha hizo hazifiki popote. Kwetu sisi ni nyingi, maana tunachokitafuta ni kurasa chache zilizotawanyika na watu wachache wanaozielewa.

Lakini Muyaka si ameshaandikwa? Limebaki nini?

Limebaki jingi. Tazama tungo zake zimetufikiaje. Muyaka aliishi Mombasa iliyotawaliwa na ukoo wa Mazrui, akatunga juu ya ugomvi wao na Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, na pia juu ya mapenzi, njaa na mambo ya nyumbani. Mji ukaangukia mikononi mwa Sayyid Said mwaka 1837. Tungo zake zilibaki vifuani mwa watu mpaka mwishoni mwa karne ya 19, ndipo Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alipozikusanya, akifanya kazi pamoja na mmishenari W. E. Taylor aliyeandika maelezo juu ya tungo hizo. Karatasi za Taylor zimehifadhiwa SOAS, London. William Hichens alizitumia kutoa diwani huko Johannesburg mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz akatoa kitabu chake mwaka 1979.

Kwa hiyo kati ya kinywa cha Muyaka na kitabu ulichonacho mezani wamepita watu wengi, na kila mmoja aliamua jambo. Chukua hati za Kiarabu zilizotumika kuandika Kiswahili. Katika miswada mingi herufi *be* ilibeba sauti za b, p na hata mb. Alama ya irabu iitwayo kasra ilisomwa i au e. Ile iitwayo dhamma ilisomwa u au o. Neno moja lililoandikwa kwa *be* na *te* laweza kuwa bata, pata, au mbata, ile nazi iliyokauka. Msomaji huamua kwa maana, kwa mizani na kwa kukijua Kimvita, lahaja ya Mombasa inayosema mato pale Kiswahili sanifu kinaposema macho. Akikosea, kosa linaingia kitabuni na kunukuliwa miaka hamsini.

Mimi mwenyewe nilipata kukaa na ukurasa wa familia moja, ubeti usio na jina la mtunzi, nikasoma pata kwa miezi. Nikaupeleka kwa bibi mmoja wa mtaa wa Kibokoni, Mombasa. Hakuvaa hata miwani. Aliniambia nimsomee tu. Nilipofika kwenye neno lile akanisimamisha, akauliza: hao watu walikuwa jikoni au sokoni? Walikuwa jikoni. Basi ni mbata, akasema, akaendelea kupepeta mchele wake. Safari ile ililipwa na ruzuku ambayo leo isingetosha kununua simu nzuri.

Andiko langu lilikataliwa. Nililiita "Mchango wa Muyaka katika Jamii ya Waswahili". Kosa liko wapi?

Kosa ni kwamba hakuna safari ya wiki mbili inayoweza kujibu hilo. Anayesoma andiko lako anajiuliza jambo moja: huyu akirudi, atakuwa ameshika nini mkononi? Uliza swali lenye mwisho. Chagua beti ishirini zilizomo katika diwani ya 1940 na kitabu cha 1979, zilinganishe neno kwa neno na karatasi za Taylor, useme wapi usomaji unatofautiana na ni nani mwenye hoja nzito. Au chukua msamiati wa vyombo vya bahari uliomo katika tungo zake, ukauulize kwa manahodha wastaafu wa Mji wa Kale na Lamu kabla hawajaondoka duniani. Au fuatilia ni beti zipi bado zinasemwa kwa moyo, na nani aliwafundisha wanaozisema.

Halafu onyesha umeshaanza. Sehemu ya miswada ya Kiswahili ya SOAS imepigwa picha na inaonekana kwenye intaneti bila malipo. Kama umesoma kurasa mbili na umekwama penye maneno manne, yaandike hayo manne katika andiko lako. Hakuna kitu kinachonishawishi kuliko mwombaji aliyekwama mahali panapojulikana.

Niombe wapi?

Anza na chuo chako. Idara nyingi zina mfuko mdogo ambao watu hawauulizii. British Institute in Eastern Africa, Nairobi, imekuwa ikitoa ruzuku ndogo za utafiti. CODESRIA ya Dakar, iliyoanzishwa mwaka 1973, huwasaidia watafiti Waafrika wa sayansi za jamii na fasihi. Endangered Archives Programme ya British Library, iliyoanza mwaka 2004, hugharimia kupiga picha nyaraka zilizo hatarini. Usiiombe kwa ajili ya kuandika tasnifu. Masharti hubadilika kila mwaka, kwa hiyo soma tangazo la mwaka huu, usitegemee la rafiki yako.

Wala usidhani lazima upande ndege. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina miswada na kanda zilizokusanywa na J. W. T. Allen, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970.

Na kibali?

Kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI nchini Kenya, na COSTECH nchini Tanzania. Omba mapema, maana barua ya ruzuku haikufungulii mlango wa hifadhi ya nyaraka.

Nawezaje kuweka mzee katika bajeti? Risiti nitaipata wapi?

Hapa ndipo waombaji wengi hujifunga. Huandika "posho ya watoa taarifa" kwa idadi ya saa, kama kibarua. Aliyehifadhi tungo kwa miaka sitini ni mwalimu wako. Andika "malipo kwa wataalamu wa lahaja na ushairi", taja siku, na weka kiwango unachoweza kukitetea. Andaa karatasi ya kutia sahihi au dole gumba, na umweleze mapema kwamba mfadhili atataka kuiona. Safari moja nilizembea jambo hilo. Mhasibu wa taasisi moja alikataa theluthi ya hesabu zangu nikalipa mwenyewe, nami sikuwa na la kumjibu.

Sukari, majani ya chai na kitambaa utakavyopeleka siku ya kwanza usiviweke katika bajeti. Hivyo vinatoka mfukoni mwako.

Familia ikinionyesha mswada wa babu yao, nifanye nini?

Usiuchukue. Hata wakikwambia kaa nao wiki moja, piga picha hapo hapo mbele yao, kwenye mwanga wa dirisha, kurasa zote pamoja na zile tupu na majalada. Uliza kama jina la familia litajwe au lisitajwe, na uandike jibu lao kwa maneno yao. Tenga fedha za kuchapisha nakala mbili zilizojalidiwa vizuri: moja ya familia, nyingine wao waseme iende wapi, iwe madrasa au maktaba. Zipeleke mwenyewe kabla hujaandika ripoti, kwa sababu siku ya kurudisha nakala ndiyo siku ambayo mtu hukumbuka kuna karatasi nyingine ndani ya sanduku.