Tatizo la Kukabili na Tatizo la Kuondokea

Mwanamume mmoja wa Umoja alikuja kwangu akilalamikia kichwa na kukosa usingizi. Shinikizo lake la damu lilikuwa 160 kwa 100. Nilipomdadisi, alikiri kwamba kila jioni huzungukia njia ya nyuma asionwe na mwenye duka anayemdai.

Mwaka wa 1915, Mmarekani Walter Cannon alieleza jinsi hofu inavyoutayarisha mwili kupigana au kukimbia. Tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini, moyo ukaenda mbio, damu ikasukumwa kwenye misuli. Hali hiyo inafaa kwa dakika chache tu. Anayejificha deni huishi nayo kila jioni, na deni haliishi. Nilimshauri amwendee mwenye duka, waafikiane kiasi cha kulipa kila wiki. (Tembe za shinikizo aliendelea kumeza, nisieleweke vibaya!) Usingizi ulirudi.

Lakini je, kila tatizo ni la kukabiliwa? La. Mama mmoja wa Kayole alikuja sauti imekauka, shingoni ana alama za vidole. Jamaa zake walikuwa wamemwambia avumilie, aketi na mumewe wazungumze. Mimi nilikataa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2008 ulionyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenzake yumo katika hatari ya kuuawa naye iliyozidi mara saba. Isitoshe, koo linaweza kuvimba saa kadhaa baadaye, hata pasipo alama yoyote. Ukikabwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, kuondoka kwa pupa ni hatari pia, kwani mume wa aina hiyo huzidi ukali anapoachwa. Usimtangazie katikati ya ugomvi. Weka kitambulisho, vyeti vya watoto na nauli kwa mtu unayemwamini. Nambari 1195 hupigwa bila malipo. Na chini ya sheria ya mwaka wa 2015 kuhusu dhuluma za nyumbani, mahakama inaweza kutoa amri ya kumzuia mume asikukaribie.

Mama yule alingoja siku tisa. Aliondoka Jumanne asubuhi, watoto wamevaa sare kana kwamba wanakwenda shule.