Kufunga Baiskeli za Milimani Nyuma ya Motokaa

Mhariri wa gazeti letu ametuomba sisi wanafunzi wa zamani tuandike habari za kazi zetu, ili ndugu zetu walio darasani waone kwamba mambo wanayojifunza leo yatawafaa kesho. Mimi ni dereva. Huwachukua wageni kutoka Kabale, kupita Kisoro na mpaka wa Cyanika, hadi Rubavu katika Rwanda, ufukoni mwa Ziwa Kivu. Hapo huanza ile njia ya kilometa 227 iendayo upande wa ziwa hadi Rusizi, na wageni wangu huipita kwa baiskeli za milimani. Kazi yangu ni kuwafikisha wao na baiskeli zao salama. Kuwafikisha watu si vigumu sana. Baiskeli ndizo zilizonitia adabu.

Siku moja nilikuwa na wageni watatu na baiskeli tatu. Motokaa yangu ilikuwa na keria ile inayofungwa kwenye mlango wa buti kwa mikanda na kulabu, yenye mikono miwili iliyotokeza nyuma kama mikono ya mtu apokeaye mtoto. Baiskeli mbili zilikuwa za kilo 14 kila moja. Ya tatu ilikuwa na mota ya umeme, nayo ilikuwa na uzito wa kilo 24. Mwenyewe alichelewa kuileta, basi nikaitundika mwisho, upande wa nje. Nilikaza mikanda, nikajisifu moyoni, nikaondoka.

Kabla ya kufika Kisoro, katika mteremko, nilipita juu ya tuta la barabarani nisiloliona mapema. Nilisikia kishindo. Katika kioo nikaiona ile baiskeli nzito ikiruka kutoka kwenye mikono ya keria, ikaning'inia kidogo, kisha ikaanguka na kuteleza juu ya lami. Kando ya barabara alikuwa akipita mama mmoja, ana kikapu cha viazi kichwani na mtoto mgongoni. Baiskeli ilisimama hatua moja tu mbele ya miguu yake. Kikapu kilianguka, viazi vikatawanyika.

Nilikimbia nikapiga magoti kuviokota, huku nikisema, "Nisamehe, mama. Nisamehe sana. Nitavilipa vyote." Mama yule alinitazama kwa kitambo, kisha akasema polepole, "Viazi huokotwa, bwana. Mtoto haokotwi."

Sikuwa na jibu, na hata leo sina.

Wakati huo alitokea kijana aliyekuwa akisukuma baiskeli kupanda kilima, imepakiwa magunia mawili ya viazi. Aliiegemeza, akaja kutusaidia. Alipoitazama keria yangu alisema, "Mzee, ulifunga, lakini hukutikisa." Akanipeleka kwenye mzigo wake mwenyewe. Alishika gunia la juu kwa mikono miwili akalivuta huku na huku kwa nguvu zake zote. Gunia halikwenda peke yake. Baiskeli nzima ilikwenda pamoja nalo. "Gunia likicheza peke yake," alisema, "bado. Baiskeli ikicheza pamoja na gunia, tayari."

Wasomaji wapenzi, kijana yule alinipa nusu ya somo. Nusu ya pili nilikuwa nimekwisha kuipata shuleni, ila niliisahau. Ni somo la wenzo. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba nguvu ya kugeuza hupatikana kwa kuzidisha uzito kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo. Basi tufanye hesabu. Tuseme baiskeli ya kwanza iko sentimeta 20 kutoka mlango wa gari, ya pili 40, na ya tatu 60. Mimi niliweka hivi:

14 × 20 = 280
14 × 40 = 560
24 × 60 = 1440
Jumla 2280

Kama ningaliweka ile nzito karibu na gari, hesabu ingalikuwa hivi:

24 × 20 = 480
14 × 40 = 560
14 × 60 = 840
Jumla 1880

Mzigo ni ule ule wa kilo 52, lakini kwa kubadili mpango tu, nguvu ya kuivuta keria chini ingepungua kwa 400. Na hesabu hii ni ya gari lililosimama. Gari likiruka juu ya tuta, mzigo huruka pamoja nalo, na unaposhuka huivuta mikanda kwa nguvu iliyo kubwa kuliko uzito wake wa kawaida.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi. Kwenye keria palikuwa na karatasi iliyobandikwa, imeandikwa kwamba isibebe zaidi ya kilo 45. Sikuisoma. Hata kama ningaliipanga mizigo vizuri namna gani, 52 haingii katika 45. Basi pale pale barabarani tuliondoa betri ya ile baiskeli ya umeme tukaiweka ndani ya gari. Baiskeli moja nyepesi tuliivua magurudumu tukaiingiza ndani vile vile, wageni wakajibana. Ile nzito tukaitundika karibu na mlango, na nyepesi iliyobaki nje yake. Tukafika Rubavu jioni bila shida.

Tangu siku ile nafuata utaratibu huu, nami nawapa ninyi, kwani wengine wenu mtaendesha magari.

Kwanza, soma uzito unaoruhusiwa wa keria, kisha pima baiskeli. Ikiwa keria yako inakaa juu ya chuma cha kuvutia tela, soma pia uzito unaoruhusiwa wa chuma hicho, na ukumbuke kuijumlisha keria yenyewe. Keria ya namna hiyo, yenye vijia vya kuwekea magurudumu, hufaa zaidi kwa baiskeli nzito, maana huinui mzigo juu sana.

Pili, vua kila kitu kinachoweza kuanguka: chupa ya maji, pampu, taa, mkoba, betri.

Tatu, weka nzito karibu na gari. Ya pili igeuze ielekee upande mwingine, ili usukani wa moja usigongane na usukani wa nyingine. Zungusha pedali zisiingie katika spoki za jirani. Penye fremu mbili kukutana, weka kitambaa kinene.

Nne, angalia umbo la fremu. Baiskeli nyingi za milimani zina springi katikati, na chuma chao cha juu kimelala au kimepinda, hata hakikai sawa juu ya mikono ya keria. Kwa hizo hutumiwa chuma cha kuunganisha, kinachofungwa toka chini ya kiti hadi penye usukani, kisha baiskeli hutundikwa kwa hicho. Fremu ya kaboni usiibane kwa koleo la keria, kwani yaweza kupasuka. Afadhali ishikwe kwa magurudumu.

Tano, funga mikanda kwenye fremu, kisha funga magurudumu yasizunguke wala usukani usigeuke. Vipande vya mpira wa ndani wa tairi, kama wale vijana wa viazi wanavyotumia, ni vizuri kwa kuzuia baiskeli isichezecheze. Lakini mpira hunyumbuka. Usiuachie ubebe uzito. Uzito ubebwe na mkanda usionyumbuka. Ncha za mikanda zifunge zisipeperuke, na tairi lisiwe karibu na bomba la moshi, maana joto lake litaliunguza.

Sita, simama nyuma ya gari utazame. Je, taa zaonekana? Namba ya gari yaonekana? Baiskeli ina urefu wa karibu sentimeta 180, na gari dogo lina upana wa karibu sentimeta 170. Ukiitundika vibaya, gurudumu litatokeza upande wa waendao kwa miguu. Tena sisi madereva wa mpakani tuna neno moja zaidi: Uganda twapita kushoto, Rwanda twapita kulia. Ukivuka Cyanika, wale waliokuwa upande wako wa kushoto sasa wako kulia. Kwa hiyo baiskeli iwe katikati sawasawa, isitokeze upande mmoja.

Saba, tikisa. Shika baiskeli ya nje uivute kwa nguvu. Ikicheza peke yake, bado. Gari likicheza pamoja nayo, tayari. Halafu ukiisha kwenda kilometa 5 au 10, simama utikise tena, kwa kuwa mtikisiko wa njia huzikalisha baiskeli mahali papya na mikanda hulegea.

Wengine hunicheka ninaposimama mapema hivyo, hasa wageni wenye haraka. Siwajibu. Nashuka, natikisa, nakaza, naendelea.

Kwa wanafunzi wa darasa la sayansi naacha hesabu moja. Baiskeli tatu zina kilo 18, 15 na 12, na nafasi zake ni sentimeta 20, 40 na 60. Tafuteni mpango bora na mpango mbaya kuliko wote. Atakayepata tofauti ya 240 amepata sawa. Lakini akiisha kuandika jibu, akumbuke kwamba nyuma ya kila gari kuna barabara, na kando ya barabara kuna mtu anayekwenda zake, hana habari ya hesabu zetu. Yeye ndiye tunayemfanyia hesabu hiyo.